Ulimi wa Kuazima

Nataka kumsimulia Hosaka Tomie kama alivyokuwa, kwa sababu mtaani kwetu siku hizi anasimuliwa vibaya. Muulize yeyote hapa Okemachi, atakujibu kwa uso wa huzuni: maskini, mama yule alizeeka, akachoka, akafunga duka. Uongo mtupu. Tomie hakuchoka. Tuliomfungisha duka ni sisi majirani zake, wenye maduka saba tuliokuwa tukijisifu kwamba tunamwokoa, na mimi kinyozi Orikasa nilikuwa mmojawapo.

Aliletwa mtaani akiwa na miaka ishirini na miwili, bibi harusi kutoka kijiji cha milimani walikokuwa wakichoma mkaa. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mumewe. Mama mkwe alitamka mbele za watu, siku ya tatu tu ya ndoa, kwamba mwanawe ameoa jembe. Tomie alicheka pamoja na waliocheka, akafunga aproni, akaingia kwenye chumba cha mvuke nyuma ya duka, na kwa miaka hamsini na mbili hakutoka humo ila kwa mazishi na matanga.

Nyumba ile ilitengeneza tofu, jibini laini ya soya, tangu enzi za babu yake babu wa Eikichi, mumewe. Ni kazi ya kuonea watu. Unaamka saa tisa usiku, unasaga soya iliyolowekwa tangu jana, unaichemsha, unakamua tui. Tui likiwa bado la moto unalitia yale maji machungu yanayochuruzika kwenye chumvi ya bahari, lipate kuganda. Kisha unalimimina kwenye sanduku lililotandikwa kitambaa, unaligandamiza, unakata vipande ndani ya maji baridi. Maji machungu yakipungua, unabaki na uji. Yakizidi, tofu inakuwa ngumu na chungu. Kipimo hakikuandikwa popote, maana soya ya mwaka huu si ya mwaka jana, na siku ya theluji si siku ya jua. Unaonja, basi. Eikichi ndiye aliyetia na kuonja; Tomie alisaga, akakamua, akakata, akauza, akaosha vyombo. Eikichi alipofariki, mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha wiki nzima, Tomie akabaki na kazi zote mbili.

Mtaa wetu nao ulikuwa unakata roho. Mimi nilipofungua duka la kinyozi tulikuwa maduka thelathini na nane, na ungeweza kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho chini ya vipenu vya nyumba bila theluji kukugusa bega, kwa sababu kila mwenye duka alitoa kipande cha uwanja wake ili watu wapite. Siku ninayoieleza tulikuwa tumebaki wanane. Wengine walikufa, wengine watoto wao walikataa, wengine waliona maegesho ya maduka makubwa ya barabara kuu yamejaa magari wakakata tamaa. Manispaa ilitupa ruzuku ya kukarabati vipenu na kuzoa theluji, kwa sharti moja: maduka yasipungue nane. Saba, hakuna kitu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Marumo, muuza sake, ile pombe ya mchele, mtu wa tumbo kubwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Mwezi wa tatu, miezi minne baada ya kumzika Eikichi, alituita nyuma ya duka lake. Tuliketi chini tukizunguka meza, tukinywa chai na kutafuna achari ya figili, naye akatoa mpango wake. Aliuita Kwanza kwa Jirani. Kila nyumba ya mtaa inunue kitu katika kila nyumba nyingine, kila wiki, bila kukosa.

"Jamani, sisi wenyewe tusiponunua hapa, nani atakuja?" alisema. "Mimi naagiza chai mjini, Mama Chai naye huenda ananunua sake yake kule barabarani."

"Mimi sinywi sake, Mwenyekiti," alisema Kuwabara Nobue, mjane wa duka la chai.

"Utaanza!"

Tulicheka mpaka birika likatikisika. Tomie ndiye hakucheka. Alisubiri tutulie, akaweka mikono yake mikubwa juu ya magoti.

"Samahanini. Mimi nilikuwa nataka kuwaaga. Mwezi wa sita nafunga. Mkono wa kutengeneza tofu ulikuwa wa Eikichi."

Kila mmoja wetu akaanza kuhesabu moyoni. Nane kutoa moja. Marumo akajitupa kifudifudi mbele yake, paji la uso chini, tumbo likimkwamisha.

"Mama Tofu, ukifunga tumekwisha. Nakuomba. Tunakuomba wote!"

Tukainama wote. Tomie alikuwa mtu wa kuona haya akiinamiwa, akaanza kumvuta Marumo bega ainuke. "Basi, basi, Mwenyekiti, utajivunja kiuno. Nitaendelea. Ila nina ombi moja. Mkono wangu ukikosea, mniambie. Msinionee aibu."

"Tutakuambia!" tulijibu kwa pamoja, kwa furaha kubwa. Ilikuwa rahisi kusema, tofu yenyewe ikiwa bado nzuri.

Na ilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake. Kiangazi kile Tomie alitushangaza. Tofu yake ilikuwa laini kuliko ya marehemu, na yeye mwenyewe alinyooka mgongo. Bibi mmoja wa manispaa alikuja kumpiga picha, akaiweka kwenye jalada la kipeperushi cha mtaa: Tomie ameshika kipande cheupe kwenye kiganja, mvuke nyuma yake. Wakaanza kuja watu wa ng'ambo ya mto. Jioni moja alikuja kwangu kunyolewa malaika, vile vinyweleo laini vya shingoni, kama wanawake wa hapa wanavyofanya kabla ya sikukuu, akashindwa kutulia kwenye kiti.

"Leo wamekuja watatu, Bwana Kinyozi. Watatu! Siwajui, hawanijui. Nikawauliza mmetumwa na nani? Wakasema hatukutumwa, tumefuata tofu."

"Tulia nisikukate."

"Ninyi mnanunua kwa sababu ya Mwenyekiti. Usibishe! Na Mungu awabariki. Lakini wale watatu, bwana. Wale walikuwa wateja."

Hapo ndipo nilipomjua. Kutufaa halikuwa jambo lililomwamsha saa tisa. Alitaka kitu chake kitakiwe na mtu asiyelazimika, na kiangazi kile alikipata.

Mwisho wa mwezi wa tisa akashikwa na homa kali. Wiki mbili duka lilifungwa, majirani tukapeleka uji kwa zamu. Akapona, akafungua, nasi tukajipanga mlangoni kama watoto. Jioni ile mke wangu Hisae alitenga tofu mezani, vitunguu vya majani juu yake, mchuzi wa soya kidogo. Nikatia mdomoni. Nikamtazama Hisae, naye ananitazama.

"Imeungua," alisema.

"Imeungua, tena chungu."

"Labda ni ya leo tu. Ndiyo kwanza ametoka kitandani."

Tulisubiri. Kesho yake ilikuwa vilevile, na wiki iliyofuata ilikuwa vilevile, ngumu, ina harufu ya sufuria iliyoshika chini na uchungu unaokaa kooni mpaka asubuhi. Nilikwenda kwa Marumo. Nikamkuta yuko na Mama Chai, wote wawili wanasukutua kinywa kwa chai, nikajua wameonja na wao.

"Nani atamwambia?" niliuliza.

"Hakuna," alisema Marumo.

"Alituomba tumwambie, Mwenyekiti."

"Watu huomba mambo mengi. Wewe humjui yule? Ukimwambia, atakushukuru, atainama mara tatu, na kesho mlango haufunguki. Tutabaki saba, na theluji ndiyo hiyo inakuja."

Mama Chai alizungusha kikombe chake. "Itarudi yenyewe. Mwili ukipata nguvu, mkono utarudi."

Sikubisha. Nakiri hapa wazi: nilishusha pumzi. Nilikuwa nimejitwisha mzigo wa kwenda kumwambia, na sasa mtu mwenye cheo alikuwa ameniondolea. Nikanunua vipande viwili njiani nikirudi, na aliponiuliza, "Vipi ya jana?" nikajibu, "Safi kabisa, Mama Tofu." Aliniangalia usoni, macho yake yakitulia juu yangu kuliko kawaida, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilidhani anafurahia sifa.

Mwezi wa kumi na moja, majani ya milimani yalipoiva rangi, manispaa ilituletea basi la wageni. Walitembea chini ya vipenu wakionja hiki na kile. Mlangoni pa Tomie mzee mmoja wa Osaka, mcheshi, mwenye sauti, alichukua kipande kizima kwa vijiti, akakitupia mdomoni huku akisimulia kichekesho. Kichekesho kikakatikia katikati. Akatafuta mahali pa kutemea, akakosa, akameza, akaomba maji.

Marumo alifika hapo kabla ya maji. "Aa! Umeisikia? Hiyo ndiyo ladha ya kizamani! Babu zetu walipenda uchungu kidogo. Mijini kwenu mmezoea tofu ya watoto!"

Wageni wakacheka. Mzee wa Osaka, kwa kuogopa kuonekana mshamba, akasema kwamba ni kweli, sasa anaisikia, ina kitu. Wengine wakaonja wakaitikia kwa vichwa. Tomie alitoka kwenye mvuke akijipangusa mikono, akamsikia Mwenyekiti akirudia maneno yake.

"Ladha ya kizamani?" aliuliza.

"Hivyohivyo, Mama Tofu! Usibadilishe kitu!"

"Basi sibadilishi," alisema, akainama kwa wageni, uso umemeremeta. Mwaka huo kipeperushi kikachapishwa upya, maneno ladha ya kizamani yakakaa chini ya picha yake. Wale wa ng'ambo ya mto hawakurudi tena. Kila mmoja alikuja mara moja akaonja, na hao ndio waliokuwa wateja.

Sisi tulirudi, kila wiki, nyumba saba, vipande viwili viwili, Marumo vitatu kwa sababu ya cheo. Mwanzoni tuliificha kwenye supu ya miso, ile rojo ya soya yenye chumvi, mpaka miso yenyewe ikashindwa. Baadaye ikawa lazima itupwe, na hapo pana tatizo ambalo mtu wa kwingine hatalielewa haraka. Takataka zetu hutiwa kwenye mifuko inayoonyesha kilichomo, ndiyo amri ya manispaa, nayo hukusanywa mahali pamoja. Mahali pa mtaa wetu ni ubavuni mwa duka la Tomie. Yeye ndiye aliyekunja wavu wa kuzuia kunguru kila asubuhi, kwa hiari yake, na kunyoosha mifuko iliyoanguka. Huwezi kuweka tofu ya mtu chini ya pua yake.

Basi theluji ilipoanguka, tuliifukia. Nyuma ya nyumba zetu panapita mtaro, na theluji ya paa tunairundika kwenye ukingo wake mpaka inafika dirisha la juu. Hisae alikuwa akitoka na bakuli chini ya aproni, anachimba shimo kwa kata, anaangusha, anafunika. Tulidhani ni sisi peke yetu tuliobuni njia hiyo. Nilikuwa nikimwona Marumo akienda nyuma ya ghala lake saa za ajabu, nikasema moyoni, kibofu cha mzee. Ndivyo tulivyomsaidia Mama Tofu majira yote ya baridi. Kwenye mkutano wa mwaka mpya Marumo alisoma taarifa: maduka nane, hakuna lililofungwa, mpango wa Kwanza kwa Jirani umefanikiwa. Tulipiga makofi, na Tomie alipiga makofi kuliko wote.

Jumapili ya pili ya mwezi wa nne ni siku ya kuzibua mtaro. Nyumba zote hutoka, viatu vya mpira, beleshi, ndoo, na hapana ruhusa ya kukosa. Mwaka ule theluji iliyeyuka ghafla, ndani ya siku tatu za upepo wa kusini, na hakuna aliyekumbuka kuchungulia nyuma kwake. Nasema hakuna aliyekumbuka, na bado sielewi tulikuwa na akili gani. Tulianzia upande wa juu, kwa Mama Chai. Tomie alikuwa mbele, maana kwa beleshi hakuna mwanamume wa mtaa aliyemshinda.

Alisimama. Nami nikaona alichokiona.

Tofu ikiganda kwa baridi haiozi upesi. Inakuwa ya manjano, inanywea, inapata vitundu kama sifongo. Vilikuwa vimelala ukingoni juu ya matope, vipande thelathini au zaidi, na Mama Chai, kwa kuwa ni mtu wa mpangilio, alikuwa amevipanga kwa safu. Mbele kidogo, nyuma ya ghala la Marumo, vilikuwa lundo. Nyuma ya banda langu vilionekana vinne, vingine vilikuwa vimetumbukia mtaroni vikaziba maji.

Watu kumi na tano tulisimama na mabeleshi mikononi tukitazama viatu vyetu. Marumo, mtu wa sauti ile, alianza kukohoa.

Tomie aliokota kipande kimoja, akakikamua. Maji yakatoka. Akakigeuza, akakinusa, nikaona pua yake inavuta mara mbili, mara tatu, kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Kisha akachukua ndoo, akaanza kuvizoa. Alipomaliza vya Mama Chai akainama kuelekea nyumba ile akasema, "Samahani kwa usumbufu." Akaenda kwa Marumo, akazoa, akainama: "Samahani kwa usumbufu." Nyumba saba. Ndoo ilijaa akaimwaga kwenye toroli akarudi tena. Tulipojaribu kumsaidia alisema, "Hapana, hapana, ni vya kwangu," kwa upole uleule wa mbele ya duka. Alipofika kwangu nilitamani ardhi ipasuke. Hisae alikuwa analia ndani ya taulo lake. "Samahani kwa usumbufu, Bwana Kinyozi," alisema Tomie, akainama chini kabisa.

Jioni tulikutana kwa Marumo bila yeye, tukaamua kwamba jambo lile lisitajwe. Ndivyo ilivyo hapa, aibu isipotajwa huhesabiwa kuwa imepita.

Kesho yake asubuhi, kabla sijawasha taa ya nje, alikuja. Alikuwa na sinia, na juu yake visahani vitatu, kila kimoja na kipande cha tofu, na vijiti. Aliviweka mbele ya kioo changu, kati ya chanuo na wembe.

"Nina shida, Bwana Kinyozi. Unionjee."

Uso wake ulikuwa umevimba. Hakuwa amelala. Nilikaa kwenye kiti cha wateja na yeye akasimama ninaposimama mimi, nikimwona kwenye kioo. Nilijua huu ndio wakati wa kulipa nilichokosa kulipa mwezi wa kumi. Nikasema moyoni: leo nasema kweli.

Nikaonja cha kwanza. Kilikuwa kilekile, moshi na uchungu. Nikameza. Nikaonja cha pili, na hapo nywele zilinisimama. Kilikuwa kitamu. Kilikuwa laini, kina ule utamu wa mbali wa soya unaokuja baada ya kumeza, tofu ya kiangazi kile, labda kuipita. Cha tatu kilikuwa hakijaganda sawasawa.

"Hiki cha kati!" nilisema, nikageuka kumtazama mwenyewe, si kioo. "Hiki hasa! Mama Tofu, hiki ndicho. Usiguse kitu!"

Alikuwa ananitazama bila furaha.

"Na cha kwanza?"

Nimejiuliza swali hili kila siku tangu hapo: kwa nini mdomo wangu haukusubiri akili? Nilimwona amesimama pale, macho yamevimba, na mdomo ukajisemea kama ulivyozoea miezi sita. "Nacho si kibaya."

Tomie aliketi kwenye benchi la wateja. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kweli.

"Cha kwanza nimekitengeneza kama nilivyokuwa nikitengeneza siku zote. Vile vya mtaroni. Moto uleule, maji machungu yaleyale, kwa makusudi. Ulipokitia mdomoni hukukunja uso hata kidogo, Bwana Kinyozi. Nilikuwa nakuangalia kwenye kioo. Uso wako haukuonyesha chochote."

"Mama Tofu, cha kati ni kizuri. Naapa kweli."

"Huenda. Mimi nitajuaje?" Alijigusa pua, kisha midomo. "Tangu ile homa sisikii kitu. Harufu, ladha, vyote vilikwenda. Chumvi na sukari kwangu ni mchanga. Niliona haya kuwaambia, mlikuwa mnanitegemea. Nikasema, siwezi kuonja, lakini nina majirani saba. Nikawa nauliza. Nikawa natazama nyuso zenu asubuhi. Miezi sita nimeonja kwa ulimi wako."

Nilitaka kumshika mikono, na hapa kwetu mtu hashiki mikono ya mjane wa jirani.

"Ilikuwa ni kupunguza kijiko kimoja cha maji machungu," alisema. "Na moto kidogo. Kijiko kimoja tu. Mngeniambia siku ya kwanza, siku ya pili ingekuwa sawa."

"Tuliogopa utafunga."

"Nifunge kwa sababu ya kijiko?" Aliniuliza hivyo kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Akakusanya visahani vyake, akafuta tone la maji kwenye meza yangu kwa ncha ya aproni, akaondoka. Kile cha kati nilikuwa sijakimaliza, akaenda nacho.

Siku tatu baadaye mlango wake wa bati ulibaki chini, karatasi imebandikwa, maandishi mazuri ya brashi: tunawashukuru kwa kutuunga mkono kwa miaka mingi. Marumo alikwenda na chupa ya sake bora, akajitupa chini tena kifudifudi, akalia, akasema tofu itakuwa inaonjwa na kamati. Tomie alimmiminia chai, akamshukuru. Mlango haukufunguka. Tulibaki saba, ruzuku ikakatwa mwezi wa saba, na majira ya baridi yaliyofuata kipenu cha nyumba tupu iliyo karibu na Mama Chai kilianguka kwa uzito wa theluji. Sasa watu wakifika pale wanashuka barabarani, au wanarudi walikotoka. Maduka leo ni manne.

Lakini yeye hakuhama. Binti yake wa Saitama alimwita mara mbili, akakataa. Anaishi nyuma ya mlango ule wa bati, anakunja wavu wa kunguru asubuhi, na mpango wa Kwanza kwa Jirani, ambao sote tumeshausahau, yeye anaufuata. Kila wiki ananunua chai ambayo haionji. Ananunua chupa ndogo ya sake ambayo hainywi. Mara moja kwa mwezi anakuja kwangu kunyolewa malaika wa shingoni, na bado namwita Mama Tofu kwa kuwa sijui nimwite nani.

Alikuja mwezi uliopita. Mimi nina miaka sitini na tisa na jicho la kushoto lina ukungu. Nilimpaka povu kisogoni, nikanoa wembe, nikaanza. Nilifika chini ya sikio, nikahisi kitu, na povu likawa na wekundu. Hakushtuka. Nilifuta, nikamaliza, nikashika kioo cha mkono nyuma yake ajione. Na mimi nikaona: mkwaruzo mrefu kama kidole, na juu yake sehemu ya nywele iliyobaki kama nyasi zilizorukwa na mundu.

"Vipi, Mama Tofu?"

Alitazama kwa utulivu, akageuza kichwa kushoto, kulia. Uso wake haukukunjika hata kidogo.

"Safi kabisa, Bwana Kinyozi. Asante kwa kazi nzuri."

Akalipa, akainama, akatoka. Sijui kama alikuwa ananirudishia au ilikuwa adabu tu. Kwa mtu kama yule huwezi kujua. Jioni nilimuuliza Hisae kama mkono wangu umeanza kutetemeka. Akasema mkono wako ni uleule, mume wangu, huku anakoroga supu. Jumamosi nilimnyoa Marumo, nikamuuliza yeye pia. "Mkono wa dhahabu!" alisema kwa sauti yake ile, akajifunga skafu mpaka kidevuni haraka, ingawa nje kulikuwa na joto. Kesho nafungua saa mbili, na hakuna mtu mtaani wa kumuuliza.